Msomi wa maji yasiyoonekana

UKIISHI Kayole, Umoja, Dandora au Pipeline, huhitaji kuambiwa na mtu kwamba maji ni mali. Unaijua siku ambayo mfereji hutoa maji na siku ambayo hutoa hewa tupu. Unajua kupanga mitungi ya lita 20 jikoni kabla ya kulala. Unajua pia kutofautisha maji ya kanjo na maji ya chumvi bila kuonyeshwa, kwani sabuni ikikataa kutoa povu huna haja ya kuuliza.

Lakini je, msomaji, umewahi kuketi ukajiuliza hayo maji ya chumvi yanayouzwa kwa mkokoteni, au yanayopandishwa na pampu ya ploti yenu hadi kwenye tangi la juu, hutoka wapi hasa? Yamekaa huko chini kwa muda gani? Je, yanaweza kwisha? Na ni nani katika nchi hii anayeyahesabu?

Kuna watu ambao kazi yao ni kujibu maswali hayo. Wanaitwa wanahaidrojiolojia, yaani wataalamu wa maji yaliyo chini ya ardhi. Si wengi, na pengine ndiyo sababu wazazi wengi wa mitaa ya Eastlands hawajawahi kusikia somo lenyewe likitajwa. Mtoto akisema anataka kuwa daktari, wakili au rubani, nyumba nzima hushangilia. Akisema anataka kusomea mawe na maji, baba huuliza: "Na hiyo utakula?"

Makala haya ni ya mzazi huyo na ya mtoto huyo. Ni ya mwenye ploti pia, hasa yule anayefikiria kuchimba kisima mwaka huu.

Mto usio mto

Watu wengi hudhani kwamba chini ya ardhi kuna mito au maziwa yaliyojificha mapangoni, na kwamba mchimbaji hodari ni yule anayebahatika kuufikia mto huo. Chini ya Nairobi mambo si hivyo. Maji yamekaa ndani ya mwamba wenyewe, katika nyufa, vitundu na matabaka ya mchanga na majivu yaliyoshikamana, kama yanavyokaa ndani ya sifongo. Tabaka la mwamba linaloweza kushika maji na kuyaachilia huitwa akwifa.

Mawe ya Nairobi ni zawadi ya volkano. Mamilioni ya miaka iliyopita, Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, milima ya moto ilitapika uji wa mawe na majivu vikatapakaa kuelekea mashariki, vikaganda tabaka juu ya tabaka. Mawe ya kujengea yanayochongwa katika machimbo ya Njiru ni mabaki ya moto huo wa kale. Wanajiolojia wameyapa matabaka hayo majina. Kuna fonolaiti ya Nairobi, kuna trakaiti ya Nairobi, na chini yake kuna matabaka ya Athi ambayo ndiyo ghala kuu la visima vya jiji hili.

Mvua inayolijaza ghala hilo haiingilii Eastlands kwa wingi. Sehemu kubwa huzama upande wa magharibi, katika nyanda za juu za Kikuyu na Limuru na kwenye milima ya Ngong, kisha maji husafiri polepole chini kwa chini kuelekea mashariki. Huku kwetu mwamba umefunikwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, na wewe mwenyewe umeshuhudia matokeo yake mvua inaponyesha. Maji husimama barabarani badala ya kuzama. Kwa hiyo mkazi wa Embakasi anayechota maji ya kisima kirefu anachota mvua iliyonyesha mbali naye, na pengine iliyonyesha kabla babu yake hajazaliwa.

Safari hiyo ndefu ndiyo huyapa maji hayo ladha yake. Kadiri maji yanavyokaa na mwamba, ndivyo yanavyoyeyusha madini yake na kuyabeba.

Jiji lililoitwa maji

Jina Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mwanzoni mwa karne ya 20 mji mchanga ulikuwa ukitumia chemchemi za Kikuyu, ambazo zenyewe ni maji ya ardhini yanayojitokeza juu. Baadaye yakaja mabwawa: Ruiru, kisha Sasumua katika miaka ya 1950, na hatimaye Ndakaini lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa kushika mita za ujazo milioni 70. Mpaka leo maji mengi ya kanjo hutoka kwenye mito inayoteremka kutoka Aberdare.

Visima virefu navyo vilianza kuchimbwa mapema, katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 H. L. Sikes alichapisha ripoti kuhusu maji ya ardhini ya koloni la Kenya. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ikatangaza Nairobi kuwa eneo la hifadhi ya maji ya ardhini. Mwaka 1964, E. A. L. Gevaerts akaandika ripoti nyingine kuhusu maji ya ardhini ya eneo la Nairobi. Tafakari hilo kidogo, msomaji. Wakati maji haya yalipoanza kuwatia watu wasiwasi, Buruburu, Umoja na Dandora hazikuwa zimejengwa. Zilikuja miaka ya 1970.

Tangu hapo tumeongezeka vipi? Sensa ya 1999 ilihesabu watu milioni 2.1 jijini. Ile ya 2019 ilihesabu karibu milioni 4.4. Mabwawa hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Kila ukame ulipopiga, kama ule wa 1999 hadi 2001 uliotuletea pia mgao wa umeme, wenye uwezo waliziita mashine za kuchimba visima. Mwaka 2017 maji ya Ndakaini yalipopungua, ratiba ya mgao ikatangazwa kwa mitaa yote, na mbio zikaanza tena. Kati ya 2020 na 2022 iliyokuwa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, nayo ilichimba visima vingi katika mitaa ya mabanda. Watu walipata maji, na hilo ni jambo la heri. Hata hivyo, kila kisima kipya ni mrija mwingine katika chupa ile ile ya soda.

Kutoka kidato hadi Chiromo

Sasa tuseme binti yako amekuambia anataka kuusomea mrija huo na chupa hiyo. Atapitia wapi?

Msingi ni fizikia, kemia, hisabati na jiografia. Akiwa chini ya mfumo wa 8-4-4 hayo ndiyo masomo ya kufanyia bidii kwa ajili ya KCSE, na akiwa chini ya mtaala mpya wa umilisi ni ule mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wengi hudharau jiografia wakidhani ni somo la kukariri majina ya milima. Kwa mtu wa maji, kusoma ramani ni kama fundi cherehani kushika futi.

Shahada ya kwanza inaweza kuwa ya jiolojia, uhandisi wa maji au sayansi ya mazingira. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha jiolojia katika bewa la Chiromo, ambako mtoto wa Buruburu anaweza kwenda kwa matatu na kurudi kulala nyumbani. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja kina uhandisi wa maji. Ambaye alama zake hazikufika chuo kikuu asikate tamaa, kwani Taasisi ya Maji ya Kenya, KEWI, iliyoko South C hutoa mafunzo ya diploma, na wako waliopanda ngazi kutoka diploma hadi shahada. Kuhusu karo, mkopo wa HELB upo kwa wanaohitimu kuupata.

Ni katika shahada ya uzamili ndipo mwanafunzi hujitenga na wenzake na kushika maji ya ardhini peke yake. Hapo huwa anachagua eneo moja, swali moja, na kulifuata kwa miaka miwili au zaidi. Baadhi husomea hapa nyumbani. Wengine huenda Uholanzi, katika chuo cha IHE Delft ambacho kimekuwa kikifundisha wataalamu wa maji kutoka nchi zinazoendelea tangu 1957. Wengine huenda Algeria, katika taasisi ya maji na nishati ya Chuo Kikuu cha Bara la Afrika iliyoko Tlemcen. Nafasi hizi mara nyingi huja na ufadhili, lakini hushindaniwa vikali na hutaka alama nzuri tangu mwaka wa kwanza.

Mwanafunzi huyo atakutana mapema na jina la Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyeuletea mji wa Dijon maji ya mabomba. Mwaka 1856 Darcy alichapisha majaribio ambayo leo yangeweza kufanywa katika maabara yoyote ya shule. Alipitisha maji katika mabomba yaliyojaa mchanga na kupima. Aligundua kwamba kasi ya maji hutegemea mambo mawili: tofauti ya kimo cha maji kati ya upande mmoja na wa pili kwa urefu wa safari, na jinsi mchanga wenyewe ulivyo rahisi kupitika. Hesabu hiyo fupi ndiyo ambayo wataalamu hutumia mpaka leo kukadiria mwendo wa maji kutoka Limuru hadi Ruai.

Viatu vyenye matope

Usidhani kwamba msomi huyu hukaa ofisini. Sehemu kubwa ya utafiti ni kutembea. Anabisha hodi kwenye viwanda, shule, makanisa, misikiti na maploti, akiomba ruhusa ya kupima kisima. Kifaa chake cha kwanza ni utepe mrefu wenye kitambuzi nchani. Huuteremsha kisimani na unapogusa maji hulia, naye huandika ni mita ngapi. Kazi hiyo inaonekana rahisi, lakini ndiyo roho ya somo zima, kwa sababu kipimo cha leo kikilinganishwa na cha miaka 20 iliyopita katika kisima kile kile ndicho husema kama akiba inapanda au inashuka.

Kifaa cha pili ni umeme. Vyuma hupigiliwa ardhini, mkondo mdogo wa umeme hupitishwa, na ukinzani hupimwa. Mwamba mkavu na mwamba wenye maji havipitishi umeme sawasawa, hivyo mtaalamu hupata picha ya chini bila kuchimba.

Cha tatu ni jaribio la pampu. Kisima husukumwa maji mfululizo, kwa kawaida saa 24, huku kimo cha maji kikiandikwa dakika kwa dakika. Kisha pampu huzimwa na kimo huandikwa tena kinapopanda. Kisima kinachorudi haraka kina afya. Kinachochukua muda mrefu kurudi kinakuonya kwamba unakidai zaidi ya kinavyoweza kutoa.

Cha nne ni chupa za sampuli. Katika maabara hupimwa chumvi, floraidi na vijidudu. Hupimwa pia isotopu, yaani atomi za oksijeni na hidrojeni zilizo nzito kidogo kuliko za kawaida. Mvua ya nyanda za juu na mvua ya tambarare hazibebi kiasi sawa cha atomi hizo nzito, kwa hiyo maji ya kisima huweza kutaja yenyewe yalikotoka.

Mwishowe yote hayo huingizwa katika kompyuta. Ardhi hugawanywa vipande vidogo kama daftari la hesabu, na kila kipande hupewa mwamba wake, mvua yake na visima vyake. Programu hupiga hesabu jinsi maji yanavyotoka kipande kimoja kwenda kingine. Ikiwa inaweza kueleza kwa usahihi yaliyotokea tangu 1950, basi inaweza kuaminiwa kidogo inaposema kuhusu kesho.

Umuhimu wa kupima kabla ya kusherehekea tuliuona Turkana. Mwezi Septemba 2013 serikali pamoja na shirika la UNESCO zilitangaza kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi huko Lotikipi, na nchi nzima ikafurahi. Visima vya majaribio vilipochimbwa baadaye, maji yakakutwa yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Picha ya kutoka angani ni mwanzo tu wa kazi. Mwisho wake ni chupa ya sampuli.

Hesabu ya chini ya Nairobi

Kwa mitaa yetu hesabu hiyo imeshafanywa, na mmoja wa walioifanya ni mtafiti Mkenya, Samuel Oiro. Katika utafiti wake alishirikiana na Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji hapa nchini. Mwaka 2019 yeye na Jean-Christophe Comte walichapisha utafiti kuhusu maji ya bahari yanavyoingilia visima vya pwani ya kusini mwa Kenya. Mwaka 2020 yeye, Comte na wenzao wakachapisha katika jarida la Hydrogeology Journal utafiti kuhusu akwifa ya Nairobi.

Walikusanya vipimo vya visima vya miongo mingi, wakaongeza jiofizikia na isotopu, kisha wakatengeneza modeli ya kompyuta. Waliyoyakuta yanastahili kubandikwa kwenye mlango wa kila ploti.

Tangu 1950 kimo cha maji chini ya jiji kimekuwa kikishuka kwa kiasi cha kati cha mita 6 kila miaka 10. Mahali palipoathirika zaidi, modeli inaonyesha kushuka kwa hadi mita 46. Uvutaji wa maji umeongezeka mara 10 tangu katikati ya miaka ya 1970, sambamba na ongezeko la watu. Akiba iliyopotea kwa jumla inakadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 1.5. Mito nayo imepoteza asilimia 9 ya maji yale inayoyapata kutoka ardhini, ambayo ndiyo huiweka hai wakati wa kiangazi.

Bilioni 1.5 ni hesabu kubwa kuifikiria, kwa hiyo tuilete nyumbani. Ukilichukua bwawa la Ndakaini likiwa limejaa pomoni, utahitaji zaidi ya mabwawa 21 ya aina hiyo ili kulifidia pengo hilo. Na tukiendelea na mwendo huu, watafiti hao wanasema, hasara hizo zitakuwa zimeongezeka mara sita ifikapo mwaka 2120.

Si mvua, ni sisi

La kushangaza zaidi katika utafiti huo ni kuhusu mvua. Tumezoea kulaumu mbingu. Maji yakikosekana tunasema mvua imebadilika. Lakini watafiti walipozichunguza takwimu za hali ya hewa tangu miaka ya 1970, hawakukuta mwelekeo wa maana wa kupungua wala kuongezeka. Kilichobadilika ni sisi. Tumevuta zaidi, na tumejenga zaidi. Maeneo yaliyojengwa yaliongezeka kwa asilimia 70 tangu mwaka 2000.

Ukame una mchango wake, ila kwa njia ya kuzunguka. Ukija, maombi ya vibali vya visima huongezeka. Mvua zinaporudi, ukame huondoka lakini visima hubaki vikivuta.

Hapa kuna habari njema iliyojificha. Kama tatizo lingekuwa mbingu, tungebaki kuomba tu. Kwa kuwa tatizo ni uvutaji, linaweza kupangwa. Watafiti wanapendekeza maji ya mabwawa na maji ya ardhini yatumiwe kwa zamu na kwa mpango, na miradi mikubwa ya maji ya mito ikamilishwe, ili kile kilicho chini kibaki kuwa akiba ya siku mbaya. Profesa Daniel Olago wa Chuo Kikuu cha Nairobi naye aliandika mwaka 2019 kuhusu vikwazo vya usimamizi wa maji ya ardhini katika miji ya Kenya, ishara kwamba wataalamu wetu wenyewe wanaliona jambo hili waziwazi.

Inavyokugusa mfukoni na mdomoni

Huenda ukasema mita 46 si kitu mradi pampu inafika. Fikiria hivi: kuinua maji kutoka mita 146 hutumia umeme zaidi kwa karibu nusu kuliko kuyainua kutoka mita 100. Bili hiyo haiishii kwa mwenye nyumba. Huteremka ngazi hadi kwenye kodi yako, au kwenye bei ya mtungi. Isitoshe, kila pampu inapovuta, maji huinama kuelekea kwake kwa umbo la faneli. Visima viwili vikikaribiana, faneli zao hukutana, na mwenye kisima kifupi hukauka kwanza. Mwenye fedha za kuchimba zaidi hubaki. Kwa njia hiyo, mtu anaweza kunyimwa maji na jirani ambaye hajawahi hata kumwona.

Upande wa afya, neno la kukumbuka ni floraidi. Kiasi kidogo husaidia meno, lakini Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi huvuka kikomo hicho kwa sababu ya mawe yetu ya volkano. Walio hatarini ni watoto wadogo, wakati meno yao ya utu uzima yangali yanajengeka ndani ya ufizi. Hayo meno yakitoka huwa na madoa ya kahawia yasiyoondoka kwa mswaki. Kiasi kikubwa zaidi kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa.

Mama wengi hudhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu na ni desturi njema, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki na kukolea. Kwa hiyo ukiwa na mtoto mdogo, maji yake ya kunywa na ya uji yatenge: mpe ya kanjo kila yanapopatikana, na ya chumvi yabaki ya kufulia, kuoshea na choo.

Visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono vina balaa lao lingine. Katika mitaa yenye vyoo vya shimo na mabomba ya maji taka yanayopasuka, uchafu huzama na kufika kisimani upesi. Jiji hili lilipigwa na kipindupindu mwaka 2017, na si ugonjwa wa kuchezewa.

Kabla ya kuita mashine

Kama wewe ni mwenye ploti, au kamati ya mtaa wenu inachangisha fedha za kisima, zingatia haya.

Kwanza, maji yaliyo chini ya ploti yako si yako. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, rasilimali zote za maji hushikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na lazima upate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba. Utahitajika pia kupata idhini ya mamlaka ya mazingira, NEMA.

Pili, anza na mtaalamu aliyesajiliwa. Wanajiolojia husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1993, na una haki ya kumuuliza akuonyeshe cheti. Mtu anayetembea na kijiti cha mti akisubiri kiiname hana cheti hicho.

Tatu, baada ya kuchimba dai jaribio la pampu na matokeo ya maabara kwa maandishi, floraidi ikiwemo. Hakikisha pia sehemu ya juu ya kisima imezibwa vizuri kwa bomba na saruji ili maji machafu ya juu yasiteremke.

Nne, weka mita na uandike. Mwenye kisima anayejua amevuta kiasi gani, na kimo cha maji kimeshuka kiasi gani mwaka hadi mwaka, hujua mapema kama anaelekea pabaya. Hayo maandishi yanaweza siku moja kuwa ya thamani kwa mwanafunzi atakayebisha hodi.

Tano, kama wewe ni mpangaji, uliza. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kumuuliza landilodi cheti cha maji ya kisima chake si utovu wa adabu.

Na hiyo utakula?

Tumrudie baba na swali lake, kwani ni swali la haki. Mzazi aliyeuza mboga au kuendesha matatu ili mtoto asome ana sababu ya kutaka kujua mwisho wake.

Wahitimu wa fani hii huajiriwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, mashirika ya kujenga miundo ya maji, serikali za kaunti, kampuni za kuchimba visima, na mashirika yanayohudumia maeneo kame ya kaskazini. Wanajiolojia huhitajika pia kwenye mvuke wa Olkaria, ambako umeme wa joto la ardhini umekuwa ukizalishwa tangu 1981. Wapo wanaojiajiri kwa kufanya uchunguzi wa kabla ya kuchimba. Sitakudanganya kwamba kazi zinawangoja langoni mwa chuo. Wengi huanza kama vibarua wa kampuni za kuchimba, wakilala kwenye mahema karibu na mashine, na cheti pekee bila mazoezi hakimfikishi mtu mbali.

Lakini kuna jambo moja ambalo mtoto wa Eastlands analo na ambalo halifundishwi Chiromo wala Delft. Amebeba mtungi. Anajua ni ploti gani ina kisima na ni gani inanunua, ni wapi sabuni haitoi povu, ni mwezi gani mikokoteni huongeza bei. Mgeni hutumia miezi kadhaa kuyajua mambo hayo kabla hajaanza utafiti wake.

Ukitaka kumpima kama ana moyo wa kazi hiyo, mpe daftari na kalamu leo. Aandike kila siku mfereji ulitoka saa ngapi na ukakauka saa ngapi, mitungi mingapi ilinunuliwa na kwa shilingi ngapi, mvua ilinyesha au la. Afanye hivyo mpaka muhula uishe. Akichoka wiki ya pili, mwache atafute njia nyingine. Akiendelea bila kusukumwa, na akianza kuuliza kwa nini nambari za mwezi huu si sawa na za mwezi uliopita, basi anza kuuliza kuhusu Chiromo.